Rangi za Mafuta Feri na Kioo cha Paneli

Ukisimama Feri, pale Kivukoni jijini Dar es Salaam, ukisubiri pantoni la kwenda Kigamboni, tazama maji yaliyobanwa kati ya boti za wavuvi na ukuta wa gati. Mara nyingi kuna mafuta kidogo ya dizeli yaliyomwagika, na juu yake huelea rangi: bluu, zambarau, dhahabu, kijani, zikijikunja na kubadilika kila wimbi linapopita. Dizeli yenyewe haina rangi hizo. Ukiitia kwenye chupa utaona kimiminika cha manjano hafifu, basi. Rangi huzaliwa pale mafuta yanapotandaa juu ya maji yakawa membamba kuliko chochote ambacho kisu cha binadamu kinaweza kukata.

Naanzia hapo kwa sababu utando ule wa mafuta ni ndugu wa utando uliopakwa juu ya vioo vingi vya paneli za sola zinazosimamishwa mbele ya maduka ya Kariakoo. Ule wa majini umejitokeza wenyewe kwa bahati mbaya. Huu wa paneli umepimwa, umepikwa na kuchomwa tanurini. Namna unavyopikwa ndiyo habari yangu leo. Jina lake ni mbinu ya soli-jeli, na naamini ni mojawapo ya kemia zilizo karibu zaidi na uwezo wetu, ingawa hatuizungumzii.

Nuru husafiri kama wimbi. Inapofika kwenye utando wa mafuta, sehemu yake hurudi kutoka uso wa juu. Sehemu nyingine hupenya, hugonga pale mafuta yanapokutana na maji, kisha nayo ikarudi. Machoni mwako yanafika mawimbi mawili, moja likiwa limechelewa kidogo kwa sababu lilikwenda na kurudi ndani ya utando. Huenda umeona mawimbi ya pantoni yanavyogonga ukuta wa gati na kurudi. Kilele cha wimbi linalokuja kikikutana na kilele cha linalorudi, maji huruka juu. Kilele kikikutana na bonde, maji hutulia ghafla kana kwamba hakuna chombo kilichopita. Nuru nayo ni hivyo hivyo. Utando wenye unene fulani huzima rangi moja na kuikuza nyingine, na kwa kuwa mafuta hayatandai sawasawa, kila sehemu huzima rangi yake.

Sasa tugeuze swali. Ikiwa utando unaweza kuzima nuru inayorudi, kwa nini tusiutumie kwenye kioo ambacho hatutaki kirudishe nuru?

Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru kila upande, kwa hiyo karibu asilimia 8 kwa pande zote mbili. Ndiyo maana usiku unajiona dirishani. Kwa dirisha hilo si hasara kubwa. Kwa paneli ya sola ni nuru iliyokwisha kulipiwa inayorudi mbinguni. Upande wa ndani wa kioo cha paneli umegandishwa kwa plastiki inayopindisha nuru karibu sawa na kioo, kwa hiyo pale nuru haipotei sana. Hasara iko upande wa juu, unaotazama jua. Kwenye lenzi ya kamera yenye vioo kumi ndani yake, hasara hujirudia kila uso mpaka picha inafifia.

Dawa yake ina masharti mawili. La kwanza ni unene: utando uwe robo ya urefu wa wimbi la nuru, kwa hesabu ya ndani ya utando wenyewe, ili wimbi linalokwenda na kurudi lichelewe kwa nusu wimbi kamili na kilele kikutane na bonde. La pili ni aina ya kitu. Kila kitu kinachopitisha nuru huipunguza mwendo kwa kiasi chake, na kiasi hicho tukiite kipimo cha mpindo: hewa ni 1, maji 1.33, kioo takriban 1.52. Ili mawimbi mawili yazimane kabisa ni lazima yawe na nguvu sawa, na hesabu inadai utando uwe na kipimo ambacho ni kipeuo cha pili cha kile cha kioo, yaani takriban 1.23. Kwa nuru ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 550, unene unaotakiwa ni nanometa 112 hivi. Unywele wa mtu una nanometa kama 70,000.

Ugumu unaanzia hapo. Hakuna kitu kigumu cha kawaida chenye kipimo cha 1.23. Floridi ya magnesi, ambayo viwanda vya lenzi viliitumia kwa miongo mingi, ina 1.38, na bado huacha asilimia 1 na ushei ikirudi. Silika, ambayo ndiyo mwili wa mchanga na wa kioo, ina 1.46. Hewa ina 1. Basi ukitaka 1.23, changanya silika na hewa, nusu kwa nusu. Tengeneza utando wa silika wenye vitundu vidogo kiasi kwamba nuru haivioni kimoja kimoja. Inauona utando mzima kama kitu kimoja chepesi. Mbinu ya soli-jeli hufanya kazi hiyo kwa chupa chache za kemikali.

Neno soli lina maana ya kimiminika chenye chembe ngumu ndogo sana zinazoelea bila kuzama. Jeli ni hali inayofuata, chembe hizo zinaposhikana mikono na kufanya wavu unaobana maji ndani yake. Kila nyumba inayogandisha maziwa inalijua jambo hili. Maziwa mabichi ni chembe za protini zinazoelea. Yakichacha, asidi huzifanya zishikane, na asubuhi unakuta mtindi: maji ni yale yale na chembe ni zile zile, ila sasa yanasimama kwenye kibuyu. Hakuna kilichokauka. Kilichobadilika ni mpangilio.

Kwa kioo, maziwa yetu ni kimiminika kiitwacho tetraethoksisilani. Ni molekuli ya silikoni iliyozungukwa na mikono minne, kila mkono umevaa kipande cha pombe. Kiyeyushe katika ethanoli, ongeza maji kidogo na matone ya asidi. Maji huvua zile nguo za pombe, na mkono uliobaki wazi hutafuta mkono mwingine ulio wazi. Mikono miwili ikishikana, molekuli ya maji hutoka, na kati ya silikoni mbili hubaki daraja la oksijeni. Daraja hilo hilo ndilo linaloshikilia kioo cha chupa ya soda. Tofauti ni kwamba chupa ilihitaji tanuri la joto la zaidi ya nyuzi 1,500, na hapa unajenga daraja moja moja katika joto la chumba.

Uchaguzi wa kichocheo una uzito mkubwa, na kwa mawazo yangu hapa ndipo uzuri wa kemia hii ulipo. Ukitumia asidi, molekuli huungana kwa minyororo mirefu yenye matawi machache, nayo ikikauka hulaliana na kutoa utando mzito, mgumu, wenye vitundu vichache. Ukitumia amonia, molekuli hujikusanya katika viduara, vidogo kama nanometa 20 au vikubwa mara nyingi zaidi, kulingana na maji na amonia uliyoweka. Njia ya viduara ilielezwa vizuri na Werner Stöber na wenzake mwaka 1968. Viduara vikipangana juu ya kioo huacha nafasi kati yao, kama machungwa kwenye meza ya muuzaji, na nafasi hizo ndizo hewa tuliyokuwa tunaitafuta. Mwaka 1986 Ian Thomas, wa maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, alitumia viduara vya namna hii kutengeneza utando wenye kipimo cha 1.22 hivi, kwa ajili ya lenzi za leza zenye nguvu kubwa mno.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mkemia Mfaransa Jacques-Joseph Ebelmen aliona katika miaka ya 1840 kwamba kimiminika alichotengeneza kwa silikoni na pombe, kikiachwa kwenye hewa yenye unyevu, hugeuka polepole kuwa kitu kigumu kinachong'aa kama kioo. Lord Rayleigh wa Uingereza, mwaka 1886, aligundua kwamba vioo vya zamani vilivyochakaa usoni vilipitisha nuru zaidi kuliko vipya. Uchakavu ulikuwa umevitengenezea utando wa asili. Mwaka 1939 Walter Geffcken na Edwin Berger, wa kiwanda cha Schott huko Jena, Ujerumani, waliandikisha hataza ya kupaka kioo tabaka za oksidi kwa kuchovya. Baada ya vita njia hiyo ilitengeneza vioo vya kutazamia nyuma vya magari, kisha vioo visivyorudisha nuru.

Kuchovya huonekana kazi nyepesi. Kioo husafishwa mpaka maji yatandae juu yake bila kukatika, kwa maana alama moja ya kidole itaharibu kila kitu. Huzamishwa kwenye beseni la soli, kisha huvutwa juu kwa mwendo mmoja usiotetereka. Kadiri unavyovuta haraka, ndivyo utando unavyokuwa mnene, kwa sababu kimiminika hakipati muda wa kuchuruzika. Wanafizikia wawili wa Urusi ya Kisovieti, Lev Landau na Benjamin Levich, waliweka hesabu yake mwaka 1942: ukiongeza mwendo mara mbili, unene huongezeka kwa takriban asilimia 60. Wakati kioo kinapanda, pombe inavukiza, chembe zinasogeleana, na mbele ya macho yako soli inageuka jeli. Mstari wa rangi hushuka taratibu kwenye kioo, zile zile rangi za Feri, utando unapopungua unene wakati unakauka. Kisha kioo huingia tanurini, kwa nyuzi 400 au 500, ili madaraja yaliyobaki yakamilike. Kwa vioo vya paneli viwandani, soli hupakwa kwa rola, na joto la kukifanya kioo kiwe kigumu ndilo hilo hilo linalouchoma utando.

Ukikosea unene kwa nanometa 10 tu, rangi inayozimwa huhama kutoka kijani hadi karibu na rangi ya chungwa. Ukiupaka mnene sana, utando unaponywea wakati wa kukauka hupasuka kama tope la dimbwi lililokauka. Tabaka nyingi za soli-jeli hazivumilii zaidi ya mikrometa moja kwa mpako mmoja. Ndiyo maana anayetaka unene mkubwa hurudia: chovya, choma, chovya tena.

Tukirudi Dar es Salaam, adui wa kwanza ni hewa. Maji ni kiungo cha soli, lakini kiungo kinachopimwa kwa gramu, na hewa ya jiji hili haipimi. Pombe inapovukiza hupoza uso wa kioo, na unyevu wa pwani hutua juu yake kama umande. Utando hubaki na ukungu mweupe. Fundi wa samani aliyewahi kupaka vanishi siku ya mvua anaujua weupe huo. Wakati wa masika soli iliyokaa vizuri Januari inaweza kutoa kioo cha maziwa. Dawa yake haihitaji maajabu: kisanduku kilichofungwa, kikaushio cha hewa, kipimajoto na kipimaunyevu, na daftari la kuandika kila siku hewa ilikuwaje. Naliweka daftari sawa na vile vifaa vingine kwa makusudi, kwa sababu bila hilo hutajua kilichoharibu kazi.

Utaalamu wa tando nyembamba si mgeni kwetu. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kazi hii kwa miaka mingi, hasa kwa njia ya ombwe: hewa inavutwa kutoka kwenye chemba, gesi ya agoni inarushwa kwa kasi kwenye bamba la chuma, na atomi zinazochomoka zinatua juu ya kioo. Mwaka 2006 Nuru Mlyuka na R. T. Kivaisi walichapisha utafiti wao juu ya tando za dioksidi ya vanadi. Oksidi hiyo ina tabia ya pekee. Ikiwa baridi hupitisha joto la jua, na ikifika nyuzi 68 hubadilika ghafla na kuanza kulizuia, bila waya wala swichi. Nyuzi 68 ni nyingi mno kwa dirisha. Mwaka 2009 Mlyuka, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba magnesi ikichanganywa ndani yake, kiwango hicho cha joto hushuka na nuru inayopita huongezeka. Tazama minara ya vioo iliyoota kando ya bahari kutoka Sokoine Drive kuelekea Kivukoni, na viyoyozi vinavyonguruma nyuma yake mchana kutwa, utaelewa kwa nini utafiti huo ulifaa kufanyika hapa.

Mashine ya ombwe, hata hivyo, ni ghali, na pampu yake ikiharibika kazi husimama hadi kipuri kifike. Soli-jeli haina pampu. Dioksidi ya vanadi nayo inaweza kutengenezwa kwa njia hii, na vilevile oksidi ya titani, ambayo ikipangwa kwa zamu na silika hutoa vioo vinavyochuja rangi moja na kupitisha nyingine. Sisemi ombwe liachwe. Kuna kazi ambazo ombwe peke yake linaziweza kwa usahihi: lenzi ya plastiki ya miwani haiwezi kuchomwa kwa nyuzi 500, kwa hiyo tabaka lake la kuzuia mng'ao hupakwa ndani ya chemba. Lakini chini ya tabaka hilo kuna jingine, gumu, la kuzuia mikwaruzo, na hilo mara nyingi ni soli-jeli iliyochanganywa na sehemu za plastiki, ikakaushwa kwa joto la nyuzi 100 na kitu. Mteja wa miwani pale Mtaa wa Samora anaondoka na kemia hii puani bila kuambiwa.

Malighafi je? Hapa hesabu inanifurahisha. Utando wa nanometa 112, nusu yake hewa, una silika ya takriban gramu 0.12 kwa kila mita mraba ya kioo. Kilo moja ya silika, kama isingemwagika hata tone, ingetosha mita mraba 8,000. Na silika hatuna uhaba nayo. Majivu ya pumba za mpunga, zile zinazorundikwa nje ya mashine za kukoboa Kyela na Ifakara, yanaweza kuwa na silika ya hadi asilimia 90. Ukiyachemsha na magadi makali ya viwandani unapata silikati ya sodiamu, ambayo viwanda vya sabuni vinaijua. Sodiamu lazima iondolewe kwa resini kabla ya kutumika kwenye nuru, na hiyo ni kazi ya umakini, lakini ni kazi inayojulikana.

Mtanzania aliyeipa kemia ya namna hii jina ni Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha. Alipokuwa masomoni Korea Kusini alichapisha tafiti juu ya jeli za silika, zikiwamo zilizotokana na silikati ya sodiamu. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji. Chujio hilo si utando wa nuru. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha njia nzima, kutoka kwenye jeli ya maabara hadi kwenye ndoo ya maji ya kijijini, ikipitiwa na mtu wa hapa.

Je, faida yenyewe inastahili? Kwa paneli moja ya wati 100, utando mzuri huongeza wati 2 au 3. Ni taa moja ndogo. Kwa kituo cha megawati 50, kama awamu ya kwanza ya mradi wa sola wa Kishapu mkoani Shinyanga, asilimia 2 ni megawati nzima, isiyohitaji mafuta wala eneo la ziada. Maoni yangu ni kwamba maabara yoyote ya chuo chenye kemia na tanuri inaweza kuanza mwaka huu, kwa vipande vya kioo vya sentimita kumi, ikijifunza unyevu wa Dar es Salaam kabla ya kuwaza kiwanda. Kemikali zenyewe ziachwe maabara. Mvuke wa tetraethoksisilani unadhuru macho, na asidi si ya kuchezea jikoni.

Limebaki jambo la mnunuzi. Ukifika Kariakoo, iinamishe paneli ili kioo kiakisi anga, uilinganishe na kipande cha kioo kitupu. Kioo kilichopakwa huakisi hafifu zaidi, na mara nyingi mng'ao wake una rangi ya bluu au zambarau, kwa sababu utando umezima kijani katikati na kuacha ncha mbili za upinde wa mvua. Na ukishaifunga juu ya bati, kumbuka kwamba nusu ya utando ule ni hewa. Steelwool, mchanga na brashi ngumu huung'oa, na mafuta yakijaza vitundu nuru huanza kurudi tena. Osha asubuhi kioo kikiwa bado baridi, kwa maji mengi na kitambaa laini, bila kusugua kwa nguvu.